Viazi vya Moshi: Moto Mmoja, Mikono Minne

UKITAKA kujua kama nyumba ina amani, usiangalie picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni. Nenda siku wana wageni. Baba yuko uani, kasimama kwenye wavu wa nyama, soda mkononi, anapiga stori na mashemeji. Kila dakika anamwagiwa sifa: "Shemeji, leo umepania!" Mama je? Yuko jikoni kwenye moshi. Anasonga ugali, anakata kachumbari, anaosha sahani, na nywele alizosuka jana zimeshaanza kunuka kuni. Wageni wanamwona mara mbili tu, anaponawisha mikono na anapoaga. Usiku baba anashangaa, "Mbona umenuna, mama watoto? Si mambo yameenda vizuri?"

Kwake yeye yameenda vizuri kweli. Hapo ndipo penye tatizo.

Mpenzi msomaji, mwezi huu hatukuletei mshauri wa ndoa. Tunakuletea kiazi. Usicheke kwanza! Saladi ya viazi vilivyochomwa kwenye mkaa na kupigwa moshi kidogo ni chakula kinachomtoa mama jikoni na kumleta uani. Inampa baba kazi nyingine zaidi ya kugeuza nyama, na inaokoa mfuko wa nyumba. Ukiipika vizuri, hata mama mkwe ataomba aongezewe.

KIAZI CHA AKIBA, KIAZI CHA WAGENI

Tuanzie mahali ambapo kiazi si mgeni. Ipililo ni kata iliyoko wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Huko ni Usukumani, nchi ya pamba, ng'ombe na viazi vitamu. Kiazi kinapandwa juu ya matuta, na mara nyingi shamba lake ni la mama. Mvua zikikatika na jua la kiangazi likishika, viazi huvunwa, vikakatwa na kuanikwa. Vikianikwa vibichi huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Vyakula hivi viwili vimevusha nyumba nyingi kwenye miezi ya njaa, vikipikwa kwa karanga au kuliwa na maziwa.

Kwa hiyo kiazi Usukumani kina heshima, ila ni heshima ya akiba. Ni chakula cha chai ya asubuhi, cha shambani, cha watoto wakitoka shule. Mgeni wa heshima anachinjiwa na kusongewa ugali. Ukimwekea mkwe sahani ya viazi vya kuchemsha tu, anaweza kuondoka kimya kisha habari ikakufikia baada ya wiki: "Tulienda kwao, wakatulisha viazi."

Hilo ni kweli na hatulipuuzi. Ndiyo maana saladi hii haiji kuchukua nafasi ya ugali wala ya nyama. Inakaa pembeni yao kwenye sinia zuri, ikiwa na rangi, harufu ya moshi na karanga juu. Kiazi kilekile kilichobadilishwa mavazi.

Na hili la baba kukaa motoni nje huku mama yuko ndani halikuanza na nyama choma. Katika kaya za Wasukuma wa zamani palikuwa na shikome, moto wa jioni uliokokwa nje, ambapo wanaume na vijana walikaa, wakala, wakazungumza na kufundishana mila. Yalikuwa mambo mazuri, tatizo ni kwamba moto wa mazungumzo ulikuwa mmoja na moto wa kupika ukawa mwingine. Leo tunakoka moto uani na kuita marafiki, lakini mgawanyo ni uleule. Saladi hii inaunganisha mioto miwili.

MFUKO NAO UNASEMA

Hebu tuzungumze hesabu, maana ugomvi mwingi wa baada ya wageni huanzia hapo. Wanandoa wachanga wanaalika watu 12. Kwa kuogopa kusemwa, wananunua mbuzi mzima, wakati mwingine kwa mkopo. Wageni wanasifu, wanaondoka, na mwezi mzima nyumba inakula mlenda huku mkopo unadai.

Kama nyama ndiyo mlo wenyewe, kila mtu atataka karibu nusu kilo, na hizo ni kilo 6. Ukiweka sinia mbili za saladi nzito yenye viazi, karanga na maziwa mgando, robo kilo ya nyama kwa mtu inatosha kabisa, yaani kilo 3. Nusu ya hela ya nyama imebaki nyumbani. Na hakuna mgeni atakayehesabu, kwa sababu sahani yake imejaa.

KIAZI GANI?

Changanya viwili. Viazi vitamu viwe vingi, kwa sababu Simiyu na Kanda ya Ziwa nzima vipo. Viazi mviringo, au viazi ulaya kama wengine wanavyoviita, viwe vichache, maana vinasafiri kwa malori kutoka mbali, hasa nyanda za juu kusini kama Mbeya na Njombe. Ukivikosa, usihangaike. Tumia viazi vitamu peke yake.

Ukipata viazi lishe, vile ambavyo ndani vina rangi ya chungwa, umepata bahati. Rangi ile si urembo tu. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Wataalamu wanasema kiazi kidogo cha gramu 125 chenye rangi iliyokolea kinatosha kumpa mtoto ambaye hajaanza shule mahitaji yake ya siku. Kazi ya kusambaza viazi hivi Afrika ilileta Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, iliyokwenda kwa wanasayansi wanne. Mmoja wao ni jirani yetu Robert Mwanga wa Uganda, na mbegu kama Kabode na Ejumula zimetokea huko Uganda. Kumbuka tu kwamba vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Kwa hiyo mafuta ya alizeti kwenye saladi hii yana kazi yake, usiyaonee choyo.

Kwa viazi mviringo, kagua ngozi. Chenye rangi ya kijani au kilichochipua sana kiache, kina sumu isiyoondoka hata ukikichoma. Na karanga zichambue moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi tupa, kwa sababu ndizo zenye hatari ya sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi.

MAHITAJI (watu 12)

• Viazi vitamu kilo 2, vya saizi ya kati
• Viazi mviringo kilo 1
• Vitunguu maji 3 vikubwa
• Pilipili hoho 2
• Nyanya 4 ngumu
• Vitunguu saumu punje 4
• Limau 3 au ndimu 5
• Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 8
• Karanga za kukaanga kikombe 1, zitwangwe nusunusu
• Maziwa mgando vikombe 2, yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa
• Giligilani fungu 1
• Chumvi, pilipili manga, na pilipili kali kwa anayeipenda
• Magunzi makavu ya mahindi 4

JINSI YA KUANDAA

1. Chemsha na maganda. Osha viazi vizuri, visugue udongo wote. Viazi vitamu na viazi mviringo viwe kwenye sufuria tofauti, maana haviivi pamoja. Tia chumvi kwenye maji. Baada ya dakika 12 hadi 15 chomeka kisu: kiingie, lakini kigome kidogo katikati. Hapo toa. Vikiiva kabisa vitavunjika kwenye wavu na utakuwa umepika uji.

2. Viache vipoe, vikauke. Hatua hii wengi wanairuka. Kiazi chenye maji hakichomeki, kinatokota tu juu ya mkaa. Vikate vipande vinene vya sentimita moja na nusu. Vya mviringo kata nusu kwa nusu. Paka mafuta vijiko vitatu na chumvi kidogo.

3. Subiri mkaa uwe mweupe. Ukiona ndimi za moto, bado. Mkaa ukishavaa majivu meupe, sambaza. Weka upande mmoja mkaa mwingi na upande mwingine mchache. Viazi vitamu vina sukari, vinaungua haraka, kwa hiyo vikae upande wa moto mdogo. Vile vya mviringo vinavumilia moto mkubwa.

4. Choma dakika 3 hadi 4 kila upande. Unatafuta rangi ya dhahabu na michirizi ya kahawia. Usigeuzegeuze kama chapati, kiazi kikiiva upande mmoja kinaachia wavu chenyewe. Kikishika, bado. Penye mkaa mweusi kabisa kwangua utupe, uchungu ule haufichiki.

5. Choma na vitunguu, hoho na nyanya. Vitunguu vikatwe miduara minene, hoho na nyanya ziwe nzima. Hoho ikibabuka ngozi, menya. Nyanya itoe kabla haijapasuka.

6. Sasa moshi. Magunzi yawe yamelowekwa nusu saa. Weka mawili juu ya mkaa, rudisha viazi vyote kwenye wavu, vifunike kwa sufuria kubwa ya aluminiamu iliyopinduliwa. Dakika 5 zinatosha. Ukizidisha, utasikia ladha ya dohani, si ya chakula.

7. Changanya vikiwa vya moto. Twanga saumu na chumvi, kamulia limau, mimina mafuta yaliyobaki, tikisa ndani ya chupa yenye kifuniko. Mwagia juu ya viazi vikiwa bado na joto, ndipo vinapofyonza. Ongeza vitunguu, hoho na nyanya zilizokatwakatwa. Geuza polepole kwa mwiko, usiponde.

8. Malizia mezani. Chuja maziwa mgando kwa kitambaa safi kwa saa moja, mahali pa baridi, hadi yawe mazito kama krimu. Yatie chumvi na pilipili manga. Wakati wa kula tu, dondoshea juu ya sinia, nyunyiza karanga na giligilani. Basi.

KWA NINI SI MAYONESI?

Najua kuna atakayeuliza. Saladi ya viazi ya wenzetu wa Marekani na Ulaya mara nyingi huja na mayonesi, na hotelini umeiona hivyo. Mayonesi ya dukani yenyewe ina siki, haiharibiki upesi. Inayotengenezwa nyumbani kwa mayai mabichi ndiyo ya kuogopa kwenye jua la uani. Lakini hatari kubwa inayosahaulika ni viazi vyenyewe. Kiazi kilichopikwa kina maji na wanga, na bakteria wanakipenda. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku ya joto kali linalozidi nyuzi 32, saa 1 inatosha. Kama una deli lenye barafu, weka humo bakuli la maziwa mgando na chochote kinachosubiri. Kama huna, pika kiasi kitakacholiwa na uchome kwa awamu mbili. Awamu ya pili wageni wanaila ikiwa ya moto, na wengi wanaipenda zaidi.

Na wale wa kuzungushia viazi karatasi ya foili, mnisikilize. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua sumu kali ya chakula iitwayo botulizimu baada ya mgahawa kutumia viazi vilivyookwa ndani ya foili na kuachwa hivyohivyo bila baridi. Foili inafungia joto na kuzuia hewa, na hayo ndiyo mazingira mdudu yule anayoyataka. Ukitumia foili, ifungue mara kiazi kikitoka motoni. Viazi vya foili vilivyolala mezani usiku kucha havina mjadala, tupa.

Jambo lingine ni koleo. Ya nyama mbichi ibaki ya nyama mbichi. Viazi viwe na koleo yake.

MOSHI WA NINI, NA WA NINI HAPANA

Magunzi tumeyachagua kwa sababu. Maswa ilikuwa sehemu ya Shinyanga ile iliyokauka, miti ikafyekwa kwa miongo mingi, kuanzia kampeni za kuua mbung'o hadi mashamba ya pamba na kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha watu kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho na miti lipumzike. Miti ikarudi sehemu nyingi. Haitakuwa vizuri tuikate tena kwa ajili ya ladha ya moshi wakati magunzi yamejaa ghalani bure.

Mabua ya pamba yaache. Pamba hupuliziwa dawa za wadudu, na hutaki moshi wake kwenye chakula. Vilevile mbao zilizopakwa rangi, plastiki ya kuwashia mkaa, na bati la kuezekea kama kifuniko: vyote hivyo hapana. Washa kwa nyasi kavu au karatasi na uwe na subira.

NANI ASIMAME WAPI?

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mapishi haya yakifanywa na mama peke yake, tumemwongezea kazi, si kumpunguzia. Ugali, kachumbari, vyombo, na sasa viazi juu yake! Hapo kiazi kimekuwa adui mwingine.

Kwa hiyo mpatane mapema, siku mbili kabla, si mbele ya wageni. Baba, wavu ni wako wote, nyama na viazi. Kumenya hoho na kutwanga karanga si kazi ya kumshusha mtu hadhi. Kama unaweza kukaa saa tatu ukigeuza mbavu za mbuzi, unaweza kugeuza kiazi. Mama, wewe ndiye mwenye sosi na sinia, na kazi hiyo inafanyika ukiwa umekaa kwenye kiti, uani, katikati ya wageni, umependeza. Vijana waloweke magunzi na kupokea vyombo. Ugali upikwe mwisho, na kama kuna wifi au dada aliyekuja mapema, mpokezane.

Kuna akina baba wataona haya. "Wazee wataniona vipi?" Watakuona kama walivyozoea, mwanamume yuko motoni. Kazi ya moto wa nje haijawahi kuwa aibu kwa mwanamume wa Kisukuma. Tofauti ni kwamba safari hii mke wako naye yupo kwenye mazungumzo, anacheka, anajibu utani wa mashemeji. Na wazazi wako watapata nafasi ya kumjua. Ni mama mkwe wangapi wanalalamika kwamba mkamwana hana maneno, kumbe hajawahi kukaa chini hata siku moja?

Wakwe wakiingia, wapokeeni wote wawili. "Mwadila, mayu. Mwadila, baba. Karibuni uani." Kaeni, maji ya kunawa yaje, na chakula kikifika mama mwenyewe aseme kidogo kilichomo: "Mayu, hivi ni viazi vyetu vya shambani, tumevichoma leo. Ugali unakuja." Sentensi mbili tu, na mkwe anajua hajalishwa akiba ya njaa. Amewekewa kitu kilichofikiriwa. Kama hapendi, ugali upo na nyama ipo, hakuna aliyeumia.

RATIBA YA SIKU (wageni wanakuja saa 8 mchana)

• Saa 4 asubuhi: osha viazi, kaanga karanga, andaa sosi ya limau.
• Saa 5: chemsha viazi. Vipoe wazi, chini ya kitambaa safi cha kuzuia nzi.
• Saa 6: loweka magunzi, anza kuchuja maziwa mgando, washa mkaa.
• Saa 6 na nusu: nyama motoni. Kata viazi.
• Saa 7: mama anakwenda kuoga na kuvaa. Narudia, mama anakwenda kuoga na kuvaa!
• Saa 7 na nusu: viazi, vitunguu na hoho kwenye wavu.
• Saa 8: wageni wanaingia wakikutana na harufu. Dakika 5 za moshi zifanyike mbele yao, inanogesha stori.
• Saa 8 na nusu: sosi, sinia, karanga juu, mezani. Muda wa chakula umeanza kuhesabiwa.

Kikibaki, na kama hakijakaa nje zaidi ya muda tuliousema, kiwekwe kwenye friji. Kama hakuna friji, wagawie majirani mapema kikiwa bado kizuri. Ujirani nao unajengwa hivyo.

Wageni wakishaondoka, msikimbilie vyombo. Mkaa bado una joto. Vuteni viti viwili, tupieni viazi viwili vilivyobaki majivuni, mkae muongee siku ilivyokwenda. Ukiona mwenzio hajanuna na hajasinzia, ujue kiazi kimefanya kazi yake.

Kila la heri uani kwenu!